Walio Chini ya Nukta

Leo tuzungumze habari za ndege wasafiri, na vyombo vya angani vinavyowafuata kutoka nchi hadi nchi.

Katika Chuo Kikuu cha Rostock, kaskazini mwa Ujerumani, kuna korongo mweupe aliyekaushwa na kuhifadhiwa. Alipigwa risasi mwaka 1822 karibu na mji mdogo wa Klütz. Waliomwangusha walipomwendea waliona jambo ambalo hawakulitazamia: shingoni mwake mlikuwa na mshale mrefu, umeingia upande huu na kutokea upande wa pili, na mti wa mshale ule haukuwa wa Ulaya. Ulikuwa mti wa Afrika ya kati. Korongo yule alipigwa mshale huku kwetu Afrika, hakufa, akaruka nao juu ya misitu na jangwa na milima mpaka akafika Ulaya.

Zamani hizo wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanabishana: ndege wakipotea wakati wa baridi, huenda wapi? Aristotle aliandika kwamba wengine hugeuka wakawa ndege wa aina nyingine. Wengine waliamini mbayuwayu hulala ndani ya tope chini ya maziwa. Mwingereza mmoja wa karne ya 17 aliandika kwa dhati kabisa kwamba ndege huhamia mwezini. Mshale mmoja ukamaliza ubishi mwingi.

Aliyeurusha mshale ule hana jina katika kitabu chochote. Alikuwa mtu wa Afrika, huenda aliyetoka kutafuta kitoweo cha watoto wake. Lakini mimi namhesabu kuwa ndiye wa kwanza kumtia ndege alama ya safari, miaka 77 kabla ya mwalimu Mortensen wa Denmark, ambaye mwaka 1899 alianza kuwavalisha ndege pete za madini zenye namba. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo kiini cha mazungumzo yangu: elimu ya ndege wasafiri haikuanzia angani. Ilianzia chini, mikononi mwa mtu aliyekuwa mahali ndege alipokuwa. Na mpaka leo, pamoja na setilaiti zote, ikimkosa mtu huyo elimu hiyo inabaki nusu.

Pete za Mortensen zilienea Ulaya nzima, na bado zinatumika. Shida yake ni hii: pete haineni chochote mpaka mtu amwokote ndege, aisome namba, na kuituma kwa mwenyewe. Mfikirieni kekeo, ndege wa kijivu anayetaga mayai yake katika viota vya wenzake. Waingereza waliwavisha pete kekeo wengi, mwaka baada ya mwaka. Kwa miaka mingi habari pekee iliyowafikia kutoka kusini mwa Sahara ilikuwa ya kekeo mmoja aliyepatikana Kameruni mwaka 1930. Mmoja tu! Ndege ambaye kila mtoto wa Uingereza anaujua mlio wake, na hakuna mkubwa aliyejua anakaa wapi miezi anayokuwa hayupo.

Ndipo ikaja setilaiti. Mwaka 1978 Wafaransa na Wamarekani walianzisha mfumo uitwao Argos. Kwanza uliwekwa kwa ajili ya kufuata maboya baharini na kupima hali ya hewa, kisha wataalamu wa wanyama wakaona kwamba unawafaa na wao. Namna unavyofanya kazi si vigumu kuielewa, hasa kwenu mnaokaa kando ya reli, Kolwezi, Kasaji au Dilolo. Treni ikija huku inapiga honi, sauti huwa nyembamba. Ikishakupita na kwenda zake, sauti hushuka na kuwa nzito. Honi ni ile ile, kilichobadilika ni mwendo. Setilaiti nayo inapita juu kwa kasi kubwa sana, kiasi cha kilomita 850 kutoka ardhini, huku kifaa kilichofungwa mgongoni mwa ndege kikituma mlio mmoja usiobadilika. Setilaiti inausikia mlio ule ukipanda wakati inakaribia na ukishuka wakati inaondoka, na kwa kupima tofauti hiyo kompyuta za kule Toulouse, kusini mwa Ufaransa, zinapiga hesabu ya mahali ndege alipo. Vifaa vipya vina njia nyingine vilevile: vinapima mahali vyenyewe, kisha vinatuma namba kama simu inavyotuma ujumbe.

Natamani mngekiona kifaa chenyewe. Cha kekeo kina gramu 5. Juu kimefunikwa kioo cheusi kidogo cha kuvuta jua. Nyuma kinachomoza waya mwembamba kuelekea mkiani, ndiyo antena. Na pembeni kuna kamba laini zinazozunguka mwili bila kuyabana mabawa. Vile vilivyofungwa kwa kekeo wa kwanza vilikuwa vikituma ishara kwa saa 10, kisha vinanyamaza kwa saa 48 vikijichaji kwa jua. Uzito ni jambo linaloangaliwa sana. Watafiti wamejiwekea sharti kwamba kifaa kisizidi sehemu ndogo ya uzito wa ndege, kwa kawaida asilimia 3, na wengine wanafika hadi 5, kwa sababu ndege aliyeelemewa hafiki aendako.

Na ndani ya kifaa mna betri ya lithiamu. Betri ndogo za namna hiyo, zilizo jamaa moja na betri ya simu yako, nyingi hutengenezwa kwa kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu ya Kongo, na sehemu kubwa katika jimbo hili la Lualaba. Kwa hiyo sisi tunaingia katika habari hii kwa milango miwili: madini yetu yanasaidia kumfuata ndege, na ndege mwenyewe anakuja kwetu kutafuta chakula.

Turudi kwa kekeo. Mwezi wa tano mwaka 2011, shirika la Uingereza la utafiti wa ndege, BTO, liliwafunga vifaa kekeo watano huko Norfolk. Wakapewa majina: Clement, Martin, Lyster, Kasper na Chris. Wataalamu wakakaa mbele ya ramani. Jambo la kwanza liliwashangaza: kekeo hawa wanaondoka Uingereza mapema mno, wengine mwezi wa sita, wakati nchi ile bado ina joto na jua. Wakilinganisha hesabu za mwaka mzima, kekeo wa Uingereza anakaa kule chini ya sehemu moja ya sita ya mwaka. Karibu nusu ya mwaka yuko Afrika. Miezi inayobaki yuko njiani. Sasa niambieni, ndugu zangu, ndege wa namna hiyo ni wa nani? Waingereza wanasema ni wao, na wanampenda kweli. Lakini chakula kingi anachokula katika maisha yake anakilia huku.

Walishuka kupitia Italia au Hispania, wakalivuka jangwa la Sahara, kisha nukta zao zikaanza kuonekana katika misitu ya bonde la Kongo, Kongo zote mbili, nyingine zikashuka mpaka kaskazini mwa Angola, kwa majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Chris alifuatwa kwa miaka minne, akaenda Kongo na kurudi Uingereza kila mwaka, akavuka Sahara mara 8. Mwaka 2015 ishara yake ilikatika akiwa katika safari nyingine ya kuja huku.

Kilichonigusa zaidi katika kazi hiyo ni jambo lililotangazwa mwaka 2016. Kekeo wa Uingereza wamepungua kwa zaidi ya nusu katika kizazi kimoja, na watu wengi walikuwa tayari kutoa hukumu kwamba wanafia Afrika. Setilaiti ikaonyesha habari nyingine. Kekeo waliokuwa wakipita njia ya magharibi, kwa Hispania, walikufa wengi kuliko waliopita njia ya mashariki, na vifo hivyo vilitokea kabla hawajamaliza kuvuka Sahara. Watafiti wanadhani waliingia jangwani bila akiba ya kutosha mwilini, kwa sababu njiani Ulaya hawakupata cha kula. Tuhuma iliyokuwa imeelekezwa kwetu ikahamia kwingine. Kwa hiyo msifikiri kwamba nukta kwenye ramani ni mchezo wa matajiri. Nukta inaweza kukutetea, kama vile inavyoweza kukushitaki.

Mashariki nako kuna kekeo aliyewastaajabisha watu. Anaitwa Onon, jina la mto wa Mongolia. Huko Mongolia kekeo waliofungwa vifaa mwaka 2019 walipewa majina na watoto wa shule. Onon aliruka kutoka Mongolia akapita India, akavuka Bahari ya Hindi, akashuka mpaka Zambia, hapa jirani tu. Mwezi wa tatu mwaka 2020, wakati binadamu tulikuwa tunafungiwa majumbani kwa sababu ya korona na mipaka inafungwa, Onon aliondoka Zambia, na mwezi wa tano akafika kwao. Safari nzima ya kwenda na kurudi ilikuwa kiasi cha kilomita 26,000, na alipita nchi 16. Watoto wa Mongolia walijifunza ramani ya Afrika kwa kumfuata ndege waliyempa jina wenyewe. Hilo ningependa kuliona katika shule zetu za Kapanga.

Mtaniuliza habari za bata bukini, kwa maana ndio wanaosifiwa sana katika habari za setilaiti. Bata bukini wa Asia wenye mistari kichwani walifungwa vifaa, na mmoja akapimwa juu ya milima ya Himalaya akiwa mita 7,290 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo binadamu anahema kwa shida. Bata bukini wa kaskazini, wale wa Ulaya na Siberia, hawafiki huku kwetu. Safari zao zinaishia kwenye nyasi za Ulaya na Asia. Sisi tunao wetu. Yuko yule mkubwa mweusi mwenye mwiba mkali kwenye kiungo cha bawa, ambaye dume lake linaweza kupita kilo 6. Na yuko bata wa Misri, wa rangi ya kahawia, mwenye duara la kahawia iliyokoza kuzunguka jicho, anayetembea na mwenzake kando ya maji.

Hawa wa kwetu nao wamefuatwa kwa setilaiti. Mwaka 2006 mafua ya ndege yaliingia Nigeria, na dunia ikashtuka: je, bata wa porini ndio wanaoyabeba kutoka nchi hadi nchi? Watafiti, akiwemo Graeme Cumming aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cape Town, wakawafunga vifaa bata wa Misri na bata wengine katika maziwa ya Afrika Kusini na Zimbabwe. Walichokiona ni kwamba bata wetu hawafuati kalenda kama ndege wa Ulaya. Hawana njia moja ya kwenda kusini na kurudi kaskazini. Mvua ikinyesha mahali, maji yakijaa, wanatawanyika. Maji yakikauka, wanahama kwenda penye maji ya kudumu.

Na kuna wakati mmoja ambapo lazima wawe na ziwa kubwa. Bata hanyonyoki unyoya mmoja mmoja wa kurukia kama kunguru. Anayaangusha manyoya hayo yote kwa mara moja, na kwa wiki kadhaa hawezi kuruka kabisa mpaka mapya yaote. Wiki hizo mbwa anaweza kumkamata, mtoto mwenye fimbo anaweza kumkamata. Kwa hiyo wanakusanyika kwenye maji mapana, kama vile ziwa la Barberspan kule Afrika Kusini, ambapo ukiona hatari ufukweni unaogelea katikati ukaokoka. Sisi tuna maji ya namna hiyo. Tuna ziwa la Nzilo, lililotokana na bwawa la umeme kwenye Lualaba. Yapo maziwa ya Upemba na Kisale huko chini Lualaba inakotanuka ikawa mabwawa na mafunjo. Na ndugu zetu wa Haut-Katanga wanalo Tshangalele. Maziwa ya Nzilo na Tshangalele yalifanywa kwa ajili ya umeme wa migodi, lakini bata hawakuuliza yalitengenezwa kwa kazi gani. Waliyaona ni maji, wakatua. Na kwa kuwa mito ya eneo la migodi inaingiza maji yake humo, uchafu wa mgodi una njia ya kufika kwao. Huko Tshangalele watafiti wamepima samaki na kukuta madini yaliyopita kiasi. Samaki yule anayeliwa na ndege ndiye anayeliwa na mtoto wa mvuvi.

Sasa nije kwa msafiri ambaye si ndege, lakini anatuhusu kuliko wote: popo. Najua wengi hampendi kusikia jina lake. Nivumilieni.

Kusini-mashariki, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Katanga, kuna hifadhi ndogo ya Zambia iitwayo Kasanka. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, popo wakubwa wa rangi ya majani makavu, wale walao matunda, wanakusanyika hapo katika kipande kimoja cha msitu wa majimaji. Wanakadiriwa kuwa mamilioni. Matawi yanavunjika kwa uzito wao. Jua likizama wanainuka wote, anga inakuwa nyeusi, wanatawanyika kwenda kula. Wanakuja wakati huo kwa sababu moja: ndio wakati wa masuku na matunda mengine ya msitu wetu wa miombo kuiva. Masuku yale yale ambayo akina mama wanayapanga kwa mafungu barabarani mvua zikianza, yenye ganda gumu la kahawia na utelezi mtamu ndani, ndiyo yanayowaita popo kutoka mbali.

Kutoka wapi? Watu walikisia tu. Katikati ya miaka ya 2000, Heidi Richter na Graeme Cumming yule yule wa mabata waliwafunga vifaa vya setilaiti popo wanne wa Kasanka. Msimu ulipokwisha, popo wakaingia Kongo. Wakapita juu ya vijiji vyetu usiku, wakielekea kaskazini kwenye misitu mikubwa. Mmoja alifuatwa kwa miezi mitano hivi, na jumla ya mwendo wake ikapita kilomita 2,500. Kwa hiyo mamilioni yale wanayoyaona watalii kule Zambia, na kulipia, inaonekana wengi ni wageni kutoka kwetu. Ni popo wa Kongo wanaokwenda kula masuku.

Nao hawali bure. Popo anakula tunda, anaruka mbali, na mbegu anaziangusha njiani. Kule Ghana, kundi la popo wa aina hii wa mji wa Accra lilifanyiwa hesabu kwa kufuata safari zao: popo kama 150,000 kwa usiku mmoja wanaweza kusambaza mbegu zaidi ya 300,000, tena katika mashamba na nyika zilizokwisha kukatwa miti, mahali ambapo nyani na ndege wengi hawathubutu kufika. Tazameni hali yetu. Ukitoka Kolwezi kwa njia yoyote utakutana na baiskeli zilizobeba magunia ya makala, moja juu ya jingine, mwenye baiskeli anasukuma kwa miguu kupanda kilima. Sina neno baya juu ya mtu huyo, anatafuta bukari ya watoto wake, na mjini kila jiko linamngoja. Lakini miombo inakwisha, na sijaona mradi wowote unaopanda miti usiku kucha bila mshahara isipokuwa huu wa popo. Tunapomwangusha kwa manati kwa ajili ya nyama, tunamwangusha mpandaji wa miti.

Setilaiti imetuambia hayo yote, na mimi naisifu. Ila inafika mahali inanyamaza. Inajua mahali ndege alipo; haijui anakula nini hapo. Inaona nukta imesimama siku tano. Haijui kama ndege amekufa, au kamba imekatika, au kifaa kiko ndani ya msitu mnene jua halikifikii. Haijui kama mto alikokunywa maji jana leo umegeuka rangi. Haijui kama viwavi anaowala kekeo mwaka huu ni wengi au wachache, ambalo kila mama anayewakausha na kuwauza sokoni analijua mapema kuliko mtaalamu yeyote. Anayejua hayo ni mtu aliye chini ya nukta. Mtu huyo ni wewe unayenisikiliza.

Na hapa kuna tatizo moja la kweli, nalo ni hofu. Mwezi wa nane mwaka 2013, huko Qena nchini Misri, mvuvi mmoja alimkamata korongo akakuta ana chombo mgongoni. Akampeleka polisi, akidhani ni jasusi. Korongo akazuiliwa, mpaka wataalamu walipoeleza kwamba chombo kile alifungwa Hungaria kwa utafiti. Watu waliandika habari ile wakicheka. Mimi sioni cha kuchekwa. Mvuvi yule hakuwa ameelezwa chochote. Hebu tujiulize, katika nchi yetu iliyoona vita vingapi, mtu wa Kapanga akiokota ndege mwenye waya na kioo mgongoni, atafanya nini? Ataogopa. Atakitupa mtoni, au atakizika, au atakiuza kwa fundi wa simu, na habari ya miaka mitatu itapotea. Wa kulaumiwa si yeye, ni wanaowafunga ndege vifaa, wanajua fika kwamba watakuja Kongo, na hawatumi hata neno moja la Kiswahili, la Kiruund au la Kichokwe kuwaambia wenyeji.

Ningependa hilo libadilike. Chuo Kikuu cha Kolwezi kina vijana hodari, na wengi wanasomea madini kwa sababu hapo ndipo penye kazi. Wapatikane wachache watakaopewa nafasi ya kusoma ramani hizi, na mashirika ya Ulaya yanayopokea nukta kutoka kwetu yawape taarifa hizo bila kuombwa mara tatu. ICCN, ambayo ndiyo yenye dhamana ya hifadhi zetu, nayo iwe na mtu mmoja katika jimbo anayejulikana kwa jina na simu, kila shefu wa kijiji ajue kwamba huyo ndiye wa kupelekewa pete ya ndege.

Nawageukia wawindaji. Musumba ni mji wa mwindaji. Wazee wetu wanasimulia kwamba Chibinda Ilunga alitoka kwa Waluba akifuata wanyama, akafika ng'ambo ya mto Kalanyi, akamwoa malkia Ruweji, na kutoka nyumba hiyo ukaja ukoo wa kifalme wa Mwant Yav. Mwindaji kwa desturi hiyo ni mtu wa elimu: anasoma unyayo, anasoma kinyesi, anajua mnyama alipita lini na alikuwa na njaa kiasi gani. Elimu hiyo ndiyo inayokosekana kwenye ramani za Toulouse na Uingereza.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Ukiokota ndege au popo mwenye pete mguuni au chombo mgongoni, usiogope. Si bomu wala si jasusi. Kama yu hai na mzima, mwache aende zake. Kama amekufa, kitoe chombo taratibu, usikifungue wala usikichome moto. Soma herufi na namba, ziandike kama zilivyo, piga picha kama una simu. Andika siku, jina la kijiji au mto, na namna ulivyompata, hata kama ulimwua kwa mkono wako, sema tu kweli. Wanaotafuta habari hizi hawatafuti mtu wa kumfunga. Kisha peleka kwa ICCN, au kwa mwalimu wa shule, au kwa shefu wako, au tuletee hapa redioni nasi tutaifikisha. Na ninyi walimu, mvua za mwezi wa kumi zikianza, watoeni watoto nje waandike siku waliyomwona korongo wa kwanza. Mwaka huu tuandike, mwaka kesho tulinganishe. Daftari moja na kalamu vinatosha kuanza.